Papai Bichi, Nyama ya Idi na Kikombe cha Maziwa

Wapishi wa pwani wanaijua taabu ya nyama ya Idi Kubwa. Ng'ombe anachinjwa asubuhi, alasiri watu wanataka mishkaki, na msuli bado umekaza. Nyama hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, halafu hulegea polepole, pale vimeng'enya vya mnyama mwenyewe vinapoanza kuzikata nyuzi za protini. Kwa ng'ombe kazi hiyo huchukua siku kadhaa kwenye baridi. Siku hizo sisi hatuna. Wageni wako barazani na mkaa umeshakolea.

Kwetu dawa ya hapo ni papai bichi. Safari hii upepo wa kusi ulikuwa umeuangusha mpapai wetu, na sokoni yalibaki mapapai yaliyoiva tu, ambayo utomvu wake umeshapungua mno. Nikanunua unga wa kulainisha nyama kwa muuza viungo mmoja, akaniapia kwamba ni utomvu wa papai mtupu, umekaushwa. Nikakata vipande vidogo, nikaupaka, nikasubiri, nikachoma. Nyama ikatoka ngumu ileile. Mjomba wangu alitafuna pande moja kwa muda, kisha akalisogeza ukingoni mwa sahani bila kusema neno. Ukimya wake uliniuma kuliko kama angenigombeza.

Nitawaeleza hatua za kulainisha nyama. Lakini hatua ya kwanza, kabla hujagusa kisu, ni kujua kama hicho unachokipaka kingali kinafanya kazi. Hapa ndipo wengi wanapopoteza nyama yao.

Kimeng'enya cha papai kinaitwa papaini, jina lililotolewa na Wafaransa Wurtz na Bouchut mwaka 1879. Nacho ni protini: mnyororo wa asidi amino 212 uliojikunja ukaacha ufa upande mmoja. Uzi wa protini ya nyama ukiingia kwenye ufa huo, chembe ya salfa iliyomo inashiriki kuukata. Emil Fischer, mwaka 1894, alieleza kwamba kimeng'enya na kile kinachokatwa hulingana kama kufuli na ufunguo wake, ingawa papaini haichagui sana: hukata protini za namna nyingi. Ikishakata inaachia, inashika uzi mwingine. Yenyewe haiishi katika kazi hiyo, ndiyo maana kiasi kidogo hutosha kwa bakuli zima.

Lakini ile salfa ndiyo udhaifu wake. Hewa ikiifikia muda mrefu, oksijeni huiharibu na ukataji husimama. Joto kali nalo huukunjua mnyororo, na ufa ukishapoteza umbo hakuna tena mahali pa kukatia. Unga unabaki na rangi yake na harufu yake, kazi haipo. Ukiutazama kwa macho hutajua lolote.

Utajua kwa maziwa. Papaini hukata protini ya maziwa yakagandamana, na huhitaji maabara kuliona hilo. Chukua vikombe viwili vya maziwa mabichi, au ya unga yaliyokorogwa kwa maji; ya pakiti yaliyopitishwa kwenye moto mkali hayagandi vizuri. Yapashe mpaka yawe vuguvugu, kidole kikae ndani bila kuungua. Kimoja kitie robo kijiko cha chai cha unga unaoupima, ulioyeyushwa kwa maji kidogo. Cha pili usikitie kitu. Usikaribishe ndimu wala siki, maana tindikali hugandisha maziwa yenyewe na utadanganyika. Koroga mara moja, acha, kisha inamisha kikombe kila baada ya dakika chache. Unga mzima utayafanya maziwa yawe mazito, halafu yatengane mabonge na maji. Ukionja utakuta uchungu, kwa sababu vipande vingi vya protini iliyokatwa ni vichungu.

Ukitaka kuamini kabisa, ongeza kikombe cha tatu, ukitie utomvu wa papai bichi uliochemshwa kwanza mpaka ukatokota, ukaachwa upoe. Utomvu ni uleule na maziwa ni yaleyale, lakini hayatashikana.

Nilirudi kwa yule muuza viungo na chupa ya chai iliyojaa maziwa vuguvugu, na papai bichi nililopewa na jirani.

"Dada, unga wangu ni mpya huo," akasema kabla sijaketi.

"Basi kaka, nipe vikombe."

Kimoja tukatia unga wake, kingine matone ya utomvu niliougema palepale kwa kuchanja ganda. Wateja wakasogea. Changu kikaganda wakati bado tunabishana bei ya pilipili manga. Chake kikabaki maziwa. Nikamwonyesha mtungi wake wa kioo, ulioachwa wazi juani, juu ya bati la kibanda. Aliutazama muda, akauingiza ndani kivulini, kisha akanipimia iliki badala ya kunirudishia pesa. Nikazipokea. Sidhani alikusudia kudhulumu, lakini unga mwingi wa aina hiyo huchanganywa chumvi tele na papaini kidogo, na anayeuuza anapaswa kuujua.

Bidhaa hii si ngeni kwetu. Enzi za ukoloni Tanganyika iliuza nje utomvu wa papai uliokaushwa, na upande wa Beni, Kivu ya Kaskazini, wakulima huchanja matunda mabichi wakakusanya utomvu kwa ajili ya viwanda vya nje. Kwa nini basi tununue unga uliokufa?

Hatua zilizobaki za kulainisha nyama ni za haraka. Papai liwe la kijani, ulikwaruze pamoja na ganda, kwa kuwa ndimo utomvu ulimojaa. Kata nyama vipande vidogo, ukikatisha nyuzi, maana papaini haizami mbali. Paka dakika chache tu: ukiacha usiku kucha nje ya vipande hulegea ovyo na ndani kukabaki kugumu, na friji haikusaidii sana kwa sababu baridi huipunguza kasi. Ndimu na siki tia mwisho. Papaini hupenda pH ya karibu 6 hadi 7, tindikali kali huidhoofisha.

Kasi yake kubwa iko kwenye nyuzi joto 60 hadi 70, yaani nyama ikiwa tayari motoni. Kwa hiyo anza na mkaa uliotulia, mishkaki ipite joto hilo taratibu, ndipo upepee moto uwe mkali. Joto likipanda juu zaidi kimeng'enya kinakufa, na ukataji unaishia hapo.

Samaki na kuku wa kisasa usiwapake kabisa, nyama yao itabomoka mkononi. Jogoo wa kienyeji aliyezeeka, huyo mpake.