Ukucha wa Velociraptor: Nasahihisha Niliyowafunza



Muhula uliopita nilisimama mbele ya chama chetu nikatoa mhadhara juu ya dinosaria aitwaye Velociraptor. Nilisema alikuwa mrefu kama mtu mzima, mwenye ngozi ya kenge, na kwamba alipasua tumbo la mnyama kwa teke moja. Mlinipigia makofi mpaka kichwa kikanivimba. Kumbe yote nilikuwa nimeyatoa kwenye filamu ya Jurassic Park ya mwaka wa 1993! Wenzetu wa kidato cha kwanza waliyanakili daftarini, na mmoja ameyatia kwenye insha. Sina budi kuyarekebisha hapa hapa.

Mifupa yake ilipatikana mara ya kwanza mwaka wa 1923 katika jangwa la Gobi, Mongolia. Kutoka pua hadi ncha ya mkia alifika kama mita 2, lakini sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia tu. Nyonga zilikuwa karibu nusu mita kutoka ardhini. Basi ni kama bata mzinga mwenye meno! Mkia ulikazwa kwa vijiti virefu vya mfupa, ukamsaidia asipepesuke akikata kona. Tena mwaka wa 2007 watafiti walitangaza kuwa mfupa wa kigasha chake una vinundu kama vile vinavyoshikilia manyoya makubwa ya bawa la ndege. Alikuwa na manyoya, jamani, ingawa hakuruka.

Sasa tuje kwa ukucha wenyewe, maana hapo ndipo nilipowapotosha zaidi. Ulikuwa kwenye kidole cha pili cha kila mguu, umepinda kama mundu. Akitembea aliuinua, usije ukawa butu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2006, wanasayansi waliunda mguu wa mashine wenye ukucha kama huo, wakaupiga kwenye nyama ya nguruwe. Ulitoboa vizuri sana, lakini haukupasua. Mwaka wa 2011 wataalamu wengine wakapendekeza kwamba jamii hii iliwinda kama kipanga: anakanyaga windo, analikamata kwa kucha, analilalia kwa uzito wake huku akipigapiga mabawa asianguke, halafu anaanza kula likiwa bado hai. Nilishamwona kipanga akimfanyia hivyo kuku wa nyanya. Si jambo la kutazama kabla ya chakula.

Ushahidi ninaoupenda mimi ulifukuliwa Gobi mwaka wa 1971. Ni Velociraptor na Protoceratops, mla majani mwenye mdomo kama wa kasuku, waliokufa wakipigana zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita. Ukucha uko shingoni mwa mla majani, naye ameung'ata mkono wa kulia wa adui yake. Yaelekea mchanga uliwafunika papo hapo. Na tazama, mwindaji yuko peke yake, hana kundi kama nilivyodai.

Wewe uliyeandika ile insha, njoo bweni letu kabla ya Ijumaa tuifute ile aya ya teke. Kosa ni langu, kwa hivyo kalamu na karatasi nitaleta mimi.