KUSHUSHA BOTI KUTOKA KWENYE TELA



Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki na dagaa wapate kuzaliana. Kwa miezi mitatu boti zikawa nchi kavu. Huo ndio wakati wa kuziba nyufa kwa pamba, kubadilisha mbao zilizooza na kupaka rangi. Wengine huikokota boti mchangani tu na kuitengeneza pale pale. Lakini wengine hukodi trekta lenye tela na kuileta boti nyumbani, karibu na fundi na mbali na wezi.

Kuipakia ziwani siyo kazi kubwa sana. Tela likiingizwa majini, maji yenyewe huibeba boti mpaka juu. Tabu iko nyumbani. Nyumbani hakuna maji. Tela lina kimo cha mita 1, trekta linadaiwa kwa saa, dereva anataka kuondoka, jirani wamekuja kusaidia na kila mmoja ana maneno yake. Mtu anasema, "Haya jamani, tubebe! Moja, mbili, tatu!" Hapo ndipo vidole hukatika na miguu huvunjika.

Somo letu la leo ni hili: boti haishushwi kwa kubebwa mikononi. Huachwa ilale juu ya magogo, na tela huondolewa chini yake.

Kwanza tupige hesabu, maana wengi hawajui uzito wa boti yao. Ubao mmoja wa mninga au mvule, wenye unene wa inchi 1, upana wa inchi 12 na urefu wa futi 12, ukiwa mkavu una uzito wa kilo 18 hivi. Tuseme boti yenu imejengwa kwa mbao 20 za namna hiyo. 20 mara 18 ni kilo 360. Ongeza mkuku, yaani ule mti mkubwa wa chini unaobeba boti yote, pamoja na mataruma, zile mbavu za ndani. Tuseme vyote hivyo ni kilo 100. Sasa tumefika kilo 460. Bado hatujahesabu kwamba mbao zilizokaa majini zimekunywa maji.

Haya, na maji yaliyobaki ndani? Lita 1 ya maji ni kilo 1. Madumu 10 ya lita 20 ni kilo 200. Jumla sasa ni kilo 660. Watu kumi wakiibeba, kila mmoja ana kilo 66. Tena hiyo ni hesabu ya daftari tu. Katika kazi yenyewe watu hawainui kwa pamoja. Mmoja akiteleza, kilo zake 66 huwarukia wenzake kwa ghafla, nao hawakujiandaa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kukausha boti. Kombeni maji yote. Toeni nanga, nyavu, taa na betri. Ondoeni mashine, ile ya nguvu ya farasi 15 peke yake hupita kilo 35, nayo hukaa nyuma kabisa, mahali inapoweza kuleta balaa kama tutakavyoona.

Mahali pa kuilaza pachaguliwe kabla trekta halijafika. Pawe tambarare na pagumu. Ardhi iliyolimwa haifai, na mchanga mlaini haufai, kwa sababu magogo yatazama upande mmoja na boti italala. Msichague njia ya maji ya mvua. Kivuli ni kizuri, maana jua kali hukausha mbao na kuzifungua. Ila usiiweke chini ya mnazi, sina haja ya kueleza kwa nini.

Sasa magogo. Tunataka magogo yaliyochongwa pande nne, yasiyoweza kubingirika. Yawe na unene wa sentimita 10 na urefu wa mita 1. Weka mawili chini, sambamba, yakiachana. Juu yake weka mawili mengine yakikingamana na yale ya kwanza. Endelea hivyo, mawili kwa mawili, kama watoto wanavyojenga nyumba ya vijiti. Hicho tukiite kitanda. Kimo cha kitanda kisizidi urefu wa magogo yenyewe. Kwa tela la mita 1 mnahitaji safu 10, yaani magogo 20. Na kwa kuwa tutajenga vitanda viwili, tafuteni magogo 40. Mtaona ni mengi. Azimeni kwa fundi seremala, azimeni kwa anayejenga nyumba. Wala msiende kung'oa mataruma ya reli, hayo ni ya watu wote na garimoshi linayahitaji.

Kuna wanaotumia matofali ya saruji yenye matundu. Hayo hayafai kabisa. Gogo likizidiwa hulia kwanza, likakuonya. Tofali hupasuka mara moja bila kusema neno.

Siku ya kazi, chagueni msemaji mmoja. Si lazima awe mzee kuliko wote au mwenye boti. Awe mtu mtulivu mwenye sauti. Yeye peke yake ndiye anayesema "vuta" au "teremsha", na dereva wa trekta anamsikiliza yeye tu. Lakini neno "Simama!" ni la kila mtu. Hata mama aliyeko mbali na kuni kichwani akiona mtoto amepita chini ya boti, akipiga kelele "Simama!", wote wasimame. Watoto wapelekwe mbali kabisa, si nyuma ya uzio ambako watachungulia. Aliyekunywa pombe akae kando, hata kama ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Anayevaa kanga au shuka lenye kuning'inia alikaze vizuri. Pete na bangili zivuliwe.

Dereva alinyooshe trekta mbele ya mahali mlipochagua, azime mashine na kuvuta breki. Wekeni kabari, yaani vipande vya mti vilivyochongwa kama shoka, mbele na nyuma ya magurudumu ya tela.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huumia bila kujua sababu. Tela la magurudumu mawili ni kama mizani ya dukani. Magurudumu yako katikati. Uzito ukiwa mbele, mkono wa tela hukandamiza chini. Uzito ukihamia nyuma ya magurudumu, ule mkono hunyanyuka. Sasa watu wakichomoa tela kutoka kwenye trekta, halafu wakaanza kuisukuma boti nyuma, inafika mahali mizani inageuka. Mkono unaruka juu kwa nguvu za kuvunja taya la mtu, na boti inateleza nyuma kwa waliosimama pale. Ndiyo maana tulianza kwa kuondoa mashine. Basi tela lisichomolewe kwenye trekta mpaka boti imeshatoka yote. Tena tegemezeni gogo imara chini ya mwisho wa tela, upande wa nyuma, kabla hamjagusa boti. Gogo hilo litolewe kila mara trekta linapotaka kusogea, na lirudishwe likisimama. Tela la magurudumu manne haliruki hivyo, lakini hata hilo liachwe limefungwa kwenye trekta.

Kamba za kufungia mzigo zifunguliwe mwisho. Kabla ya kufungua, zunguka uangalie boti imeegemea wapi. Mfunguaji asimame upande wa pili, kusikoelekea boti. Kushoto na kulia pawepo magunia ya mchanga yaliyoshindiliwa juu ya tela, ili boti isilale kamba zikilegea.

Sasa tuanze. Sehemu ya nyuma ya boti imetokeza nje ya tela. Jengeni kitanda cha kwanza chini yake, hapo hapo chini ya mkuku. Si chini ya mbao za ubavuni, maana mbao za ubavuni ni za kuzuia maji, hazikutengenezwa kubeba uzito kwa nukta moja. Boti ikiwa ziwani, maji huibeba kila mahali. Nchi kavu hubebwa mahali pawili au patatu tu, na mkuku ndio wenye mgongo wa kustahimili hilo.

Kitanda kikikaribia kugusa mkuku, chukueni kabari mbili pana, ziingize moja kutoka kushoto na moja kutoka kulia, mgonge taratibu mpaka mkuku umekaa sawasawa. Kabari ishikwe kwa ubavu, na ikishaanza kuingia ondoa mkono, malizia kwa nyundo. Vidole visiingie kati ya gogo na mkuku hata kwa dakika moja. Gogo likihitaji kusogezwa, lisogeze kwa fimbo.

Kisha fungeni boti kwa kamba nene kwenye mti imara ulioko nyuma. Kamba hii inazuia boti isifuatane na tela. Kama siku ya kupakia mliweka magogo ya mviringo chini ya mkuku, tela litatoka kwa urahisi. Kama mlisahau, pitisheni ubao uliopakwa grisi kati ya mkuku na tela.

Msemaji ahakikishe hakuna mtu chini ya boti wala kati ya boti na mti. Kabari za magurudumu ziondolewe. Trekta lisogee mbele nusu mita, lisimame, kabari zirudi. Mnaangalia: kitanda kimekaa? Boti haijapinda? Basi nusu mita nyingine. Dereva atasema mnamchelewesha. Mwambieni mapema kabla ya kukubaliana bei kwamba kazi ni ya asubuhi nzima.

Kila boti inapotoka kiasi, tegemezeni ubavu wake kwa miti, mmoja kushoto na mwenzake kulia. Watu wa pwani huita miti hiyo gadi. Mguu wa gadi ukae juu ya ubao ili usizame, na gadi ya kushoto ifungwe na ya kulia kwa kamba inayopita chini ya mkuku, vinginevyo zitatanuka na kuanguka. Gadi inazuia kulala tu. Uzito wote ni wa mkuku.

Sehemu ya mbele ikiwa bado juu ya tela, kama theluthi moja ya boti hivi, simamisheni kila kitu. Jengeni kitanda cha pili nyuma tu ya tela, mkaze kabari kama mwanzo. Mkuku ukishakaa juu ya vitanda vyote viwili na gadi zimeshika, trekta linaweza kuondoka na tela lake. Mlipeni dereva aende.

Boti sasa iko mita 1 juu. Kwa fundi anayeziba nyufa za chini, kimo hicho ni kizuri na mnaweza kuiacha. Mkitaka kuishusha, shusheni upande mmoja safu moja, halafu upande wa pili safu moja. Msiondoe safu mbili kwa pamoja. Kunyanyua kidogo ili gogo litoke, tumieni jeki ya lori iliyokaa juu ya ubao mpana, au wenzo. Wenzo ni mti mrefu unaoegemea juu ya gogo imara. Ukiwa na mti wa mita 3, ukaweka egemeo nusu mita kutoka kwenye boti, upande wako unabaki mita 2 na nusu. Hiyo ni mara 5 ya upande wa boti. Ukikandamiza kwa nguvu ya kilo 40, unanyanyua kilo 200. Simama kando ya wenzo. Usiupande kama farasi wala usiinamishe kichwa juu yake, maana ukiponyoka utakupiga usoni. Na kila mnaponyanyua kidole kimoja, jazeni kabari ya kidole kimoja chini ya mkuku, ili wenzo ukiponyoka boti isiwe na mahali pa kuangukia.

Pamoja na yote hayo boti inaweza kuanza kulala. Iacheni ilale. Msiizuie kwa bega wala kwa mgongo. Kimbieni. Mbao mbili zilizopasuka fundi atazibadilisha kwa wiki moja, lakini mvuvi asiye na mkono wa kulia hapigi kasia.

Na kama mtu amebanwa, msimvute. Nyanyueni boti kwa wenzo huku mkijaza magogo, ndipo atolewe. Penye damu pakandamizwe kwa kitambaa safi, na apelekwe kituo cha afya hata akisema hajambo, kwa sababu mguu uliobanwa huweza kuvimba baadaye.

HESABU YA KIKUNDI
Boti ina mbao 15 za kilo 18 kila moja. Mkuku na mataruma ni kilo 90. Ndani yake kuna madumu 6 ya maji ya lita 20. Uzito wote ni kilo ngapi? Maji yakikombwa itabaki kilo ngapi? Na tela likiwa na kimo cha sentimita 80, magogo ya unene wa sentimita 10 yatahitajika mangapi kwa vitanda viwili?

Majibu: kilo 480, kilo 360, magogo 32.