Somo: Tuhesabu Dawa Kwenye Cheti

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili wetu,

Dawa zikiisha zahanati mapema, huwa tunaomba fedha zaidi. Kwanza tuangalie zinavyoandikwa. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo rahisi, vikiwemo: wastani wa dawa kwa kila mgonjwa, wangapi kati ya 100 walipewa antibiotiki, na wangapi walichomwa sindano.

Mfano: mtoto hapa Mpanda ana homa. Tangu 2010 shirika hilo linashauri kupima malaria kabla ya kutibu. Kipimo kikionyesha hana, dawa mseto haimsaidii. Akiandikiwa hiyo, pamoja na antibiotiki "ya tahadhari" na vitamini, mama amelipia dawa tatu na ugonjwa wenyewe haujatafutwa. Kesho mwenye malaria atakuta rafu tupu.

Kamati imwombe mganga mfawidhi ahesabu vyeti 100, bila majina ya wagonjwa, alete matokeo kikaoni. Nasi tuache kudai sindano.

Swali la kujadili: Mgonjwa wetu hutoka na dawa ngapi, na ipi hakuihitaji?