Mliitaka Taa, Mmepata Moshi: Somo la Kuunda Tarakilishi ya Michezo

Mwaka huu sikuandika hadithi wala shairi. Nimeleta somo. Tangu niliposema bwenini kwamba mimi na kaka yangu tumeunda tarakilishi ya michezo kwa mikono yetu, maswali hayajaisha: "Mlinunua nini? Mlianzia wapi? Ilikula pesa ngapi?" Kabla sijajibu, yafaa nikiri jambo moja. Tarakilishi ile tuliiunda mara mbili. Ya kwanza ilidumu siku kumi na tisa tu.

Kaka alipomaliza Kidato cha Nne alitaka mashine moja ifanye kazi mbili. Mchana awachapie watu barua, jioni vijana wa mtaani waje kucheza kandanda kwa ada ndogo. Kiwambo tulikuwa nacho tayari. Mama akakopa shilingi 70,000 katika chama chake cha akina mama, zilipwe kidogo kidogo kila mwezi. Akatuambia, "Pesa hizi si zangu, ni za wenzangu. Mkizichezea, mimi ndiye nitakayeinamisha kichwa mkutanoni."

Tukaenda mjini. Kasha moja lenye kioo ubavuni na feni nne za taa za rangi lilituita tangu mlangoni. Tukalichukua kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Tulipofika mwisho wa hesabu, pesa zikawa zimepungua. Mwuzaji akasema, "Msijali vijana wangu, kwa pawasaplai chukueni hii ya bei nafuu. Si imeandikwa wati 500? Hiyo inatosha kabisa." Siku ya kumi na tisa, katikati ya mechi, ilitoka harufu ya plastiki, kisha moshi, kisha giza. Bodi kuu ikafa papo hapo. Baba alisimama mlangoni, akatutazama, akasema maneno manne tu: "Mliitaka taa, mmepata moshi."

Kaka alibeba kokoto kwenye mjengo kwa miezi mitatu. Mimi nikauza kuku wangu wote sita. Majuto ni mjukuu, wenzangu. Hebu basi someni haya ili yasiwapate.

Kwanza, anzia kwenye mchezo, usianzie dukani. Andika karatasini mchezo unaoutaka na mahitaji yake. Kwa mfano, EA Sports FC 24, kandanda iliyotoka mwaka 2023, inataka angalau gigabaiti 8 za kumbukumbu na gigabaiti 100 za nafasi diskini. Kisha tazama kiwambo chako. Chetu kina nukta 1920 kwa 1080, nacho hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kununua kadi ya kutoa picha 200 kwa kiwambo kama hicho ni kumpakulia mtu sufuria nzima ilhali sahani yake ni moja.

Pili, prosesa na bodi kuu ni kama ufunguo na kufuli. Kila prosesa ina tundu lake. Za AMD za karibuni hutumia tundu la AM4 au la AM5. Bodi za AM4 hupokea kumbukumbu aina ya DDR4. Za AM5, zilizoanza mwaka 2022, hupokea DDR5 peke yake. Kipande cha DDR4 hakiingii penye DDR5 hata ukisukuma namna gani, kwa maana pengo lake liko mahali pengine. Sisi tulichagua Ryzen 5 5600, prosesa ya AM4 yenye viini 6 na kadirio la wati 65, ambayo ikiuzwa katika boksi lake huja na feni yake.

Tena, chunga sana herufi za mwisho. Ryzen 5 5600 haitoi picha bila kadi ya michoro, lakini ndugu yake, 5600G, ina michoro ndani yake. Mwenye pesa chache anaweza kuanza na hiyo ya G, kadi akaiongeza baadaye. Kwa upande wa Intel, herufi F huonya kwamba michoro ya ndani haipo. Herufi moja tu, na mtu anarudi nyumbani na mashine inayonguruma bila kuonyesha kitu!

Tatu, kadi ya michoro. Hapa ndipo pesa nyingi za mchezaji zinapokwenda, na ni haki yake. Yetu ni Radeon RX 6600, iliyotoka mwaka 2021. Ina gigabaiti 8 zake yenyewe, nayo hula wati 132. Tuliinunua ikiwa imetumika. Ukifanya hivyo, usitoe pesa kabla hujaiona ikicheza mchezo mzito kwa nusu saa hivi. Pima pia urefu wa kadi na nafasi iliyo ndani ya kasha. Ukishaunganisha, waya wa kiwambo uchomeke kwenye kadi, si kwenye bodi. Kaka alikosea hapo, tukakaa saa nzima tukidhani tumeuziwa mbovu!

Nne, kumbukumbu na diski. Gigabaiti 16 zatosha kwa kuanzia. Nunua vipande viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu viwili hufungua njia mbili za kupitishia data kwa pamoja. Diski iwe SSD. Ile ya SATA husoma kufikia megabaiti 550 hivi kwa sekunde, na zipo za NVMe zinazofika 3,500 na zaidi. Hata hiyo ya SATA itaiacha mbali diski ya zamani ya kuzunguka.

Tano, na hapa ndipo penye kiini cha somo langu, ni pawasaplai. Ile iliyoungua niliibeba hadi shuleni, nikampelekea mwalimu wetu wa fizikia. Hakutazama maandishi makubwa. Aligeuza ubavu akaniuliza, "Hapa kwenye mstari wa volti 12, umeandikwa ampea ngapi?" Nikasoma: 18. "Haya, zidisha." Mara 12, ikawa wati 216. Akaniambia tarakilishi za siku hizi huvuta karibu umeme wake wote kwenye mstari huo. Tukajumlisha matumizi yetu: prosesa 65, kadi 132, na takribani 50 za bodi, diski na feni. Jumla 247. Basi mashine yetu ilikuwa punda aliyebebeshwa kuliko nguvu zake, na ile 500 ya herufi kubwa ilikuwa ya karatasi tu. Nilisikia aibu, kwa sababu hesabu yenyewe ni ya darasani. Wati ni volti mara ampea. Nilikuwa nimeipasi kwenye mtihani, nikaisahau dukani.

Mara ya pili tulinunua pawasaplai yenye ampea 45 kwenye volti 12, yaani wati 540, ya kampuni inayotoa dhamana ya miaka. Ina alama ya 80 PLUS Bronze. Alama hiyo huonyesha kwamba umeme haupotei ovyo, bali haitoshi peke yake kuthibitisha usalama, kwa hiyo soma ampea vilevile. Na ukiuziwa ya zamani yenye swichi ya 115 na 230, hakikisha iko kwenye 230 kabla ya kuiwasha. Stima yetu hapa Kenya ni ya volti 240.

Mwisho kabisa ndipo uchague kasha. Litazame kama linapitisha hewa, yaani feni ya mbele ivute ndani na ya nyuma itoe nje. Letu la sasa ni jeusi, halina taa hata moja. Lile la kioo tuliliuza.

Mama alilipa shilingi ya mwisho ya chama mwezi wa Agosti, na hakuinamisha kichwa. Lakini wenzangu, sisi tunajua ni nani aliyebeba kokoto. Basi kabla hujachukua kinachong'aa, uliza kile kisichoonekana kina nguvu gani.

Zoezi
1. Pawasaplai imeandikwa wati 600, lakini mstari wa volti 12 una ampea 20. Je, itaifaa mashine ya wati 247? Onyesha hesabu yako.
2. Rafiki yako ana bodi ya AM5 na kumbukumbu ya DDR4. Mshauri.
3. Kwa nini mwenye Ryzen 5 5600 hawezi kuahirisha kununua kadi ya michoro?

Mwenye majibu anione maktabani, wala si wakati wa prepu.