Mpini Unaogonga Ndani Usiufunike kwa Vanishi

Ndugu yangu wa Nyeri,

Pole sana. Kazi ya mikono inauma zaidi inapokuwa zawadi, na fimbo hii ya kuvulia samaki inangojewa na baba mkwe anayestaafu. Umenitajia makosa manne: koki ya mpini ina vishimo, mistari ya gundi imetuna kati ya pete za koki, pete moja imemeguka ukingoni, na mpini wote unagonga ndani ukiubana. Kisha unauliza kama utajaza vishimo, upake vanishi, ukabidhi. Nakusihi usifanye hivyo. Makosa matatu ya kwanza ni ya sura tu. Hilo la nne ndilo ugonjwa.

Umesema mzee huvua trauti katika mto Gura, ule uliopandikizwa samaki hao mwaka 1905. Kwa uvuvi wa chambo bandia, kila anaporusha mshipi kidole gumba hukandamiza mpini. Uwazi ulioachwa kati ya koki na ufito wa fimbo utazidi kupanuka, maji yatapenya, na siku moja mpini utazunguka mkononi samaki akiwa ameshanasa.

Nadhani ulitoboa kwa keekee. Ufito ni mnene chini na mwembamba juu, ilhali tundu la keekee ni sawa mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mpini ulishika chini tu na huko juu ukabaki unaelea. Basi uondoe. Chana koki kwa urefu, lakini kisu kikomee kabla ya kufika kwenye ufito. Mkwaruzo mdogo kwenye kaboni ya ufito ndipo fimbo itakapovunjikia. Bandua vipande kwa vidole. Mabaki yafunike kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka gundi ilegee, kisha uyakwangue kwa kipande cha plastiki. Usikaribishe moto hapo.

Kwa bahati hujafunga vijipete vya mshipi, maana mpini mpya lazima uvishwe kutokea ncha nyembamba. Safari hii tumia tupa ya mviringo iliyochongoka. Piga kidogo, futa vumbi, jaribu kuvisha, piga tena, huku ukizungusha koki ili tundu lisiende upande. Simama koki ikibakiza upana wa kidole kufika mahali pake, umalizie kwa msasa. Ukizidisha, zungushia ufito mikanda ya utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, na uache nafasi kati ya mkanda na mkanda. Nafasi hizo zijae epoksi kabisa, ile ya mirija miwili inayokauka polepole. Paka gundi kwenye ufito na ndani ya tundu pia, sukuma mpini huku ukiuzungusha, futa inayotoka, kisha uache usiku kucha.

Vishimo si kosa lako. Koki ni gome la mti, huvunwa kila baada ya miaka 9 hivi, nyingi yake Ureno, na vishimo hivyo ni njia za hewa za gome lenyewe. Kusanya unga unaotoka unapopiga msasa, uchanganye na gundi ya mbao isiyoyeyuka majini, ukandamize ndani kwa kidole gumba. Uache utune kidogo, kwa sababu utasinyaa ukikauka. Epoksi usiitumie hapa: ni ngumu kuliko koki, na ndiyo sababu mistari yako imetuna. Msasa ulikula koki ukaiacha gundi. Safari hii gundi kati ya pete iwe nyembamba, pete zibanwe barabara, na msasa uwe na kibao nyuma yake, kuanzia namba 150 hadi 400, kwa mkono mwepesi.

Pete mpya nayo ikimeguka fimbo ikiwa imekamilika, hakuna haja ya kubomoa mpini. Ikate hiyo moja uitoe, pasua nyingine nusu kwa nusu, zibandike mahali pake, funga kwa uzi mpaka zishike, kisha msasa. Mshono hautaonekana ila kwa anayeutafuta.

Vanishi iache kabisa. Koki iliyopakwa huteleza ikilowa, na mzee atasimama kwenye mawe ya mto.

Wiki mbili ulizobakiwa nazo zinatosha. Kabla ya kufunga vijipete, shika ufito kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, songoa kwa nguvu, ukisikiliza. Kukiwa kimya, endelea na uzi wa kufungia vijipete. Kukigonga, niandikie kabla hujagusa kitu kingine.