Wavu wa Dirisha Ukioza

Wanachuo wenzangu, muhula uliopita mwenzangu wa geto aliingia mtihani wa mwisho akiwa na malaria. Dirisha letu pale Ngamiani lilikuwa na wavu, ndiyo, ila chini ulikuwa umeoza, tukaziba kwa gazeti. Gazeti likadondoka, sisi tukasahau.

Tanga, hewa ya bahari hubeba chumvi, na waya wa chuma hauna ubavu nayo. Kutu huanzia chini, pale vumbi na maji ya mvua yanapotuama. Ukibadilisha, chukua wavu wa plastiki au fibaglasi, wenye matundu yasiyozidi milimita 1.5 hivi.

Kinga hii si ya jana. Mwaka 1900 Mwitaliano Giovanni Battista Grassi aliweka nyavu kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli huko Capaccio. Karibu wote waliokaa ndani kuanzia magharibi waliepuka malaria. Majirani wasio na nyavu wakaugua.

Haya, kazi. Tundu dogo halihitaji wavu mpya. Kata kiraka kinachozidi tundu kwa sentimita 3 kila upande, ushone kwa sindano na mshipi wa nailoni, ule wa wavuvi. Gundi peke yake usiitegemee. Jua huikausha ikabanduka.

Ukioza kabisa, ng'oa fito taratibu kwa bisibisi bapa, maana utazirudishia. Safisha fremu. Kata wavu uzidi fremu kwa sentimita 5 kila upande. Sasa sikiliza: usianzie pembeni. Sisi tulianzia pembeni, ukajaa mikunjo kama shuka la hosteli, tukang'oa upya. Piga msumari katikati juu, vuta, piga katikati chini, kisha kushoto na kulia. Pembe ziwe za mwisho. Rudisha fito, ndipo ukate ziada.

Mchana funga mlango, zima taa, ukague pembezoni mwa fremu. Penye mwanga, mbu anapita. Kila baada ya wiki chache sugua wavu kwa brashi na maji ya sabuni. Vumbi likijaa upepo hauingii, na joto la Tanga mnalijua. Chandarua kitandani kinabaki palepale.

Kuhusu hela, ongea na mwenye nyumba kabla ya kununua. Wetu alitujibu, "Wanaong'atwa ni nyie." Tukachanga. Alipoiona kazi akaomba tumfanyie na la chumbani kwake. Safari hiyo wavu alinunua yeye.