Nani aliwachora wapagazi?

SWALI: Katika ile picha ya Goya ya watu wanaopigwa risasi, mbona wanaokufa ni makabwela tu? Na wapagazi wetu wa vita ya 1914–1918, nani aliwachora?
Msomaji, Kilakala, Morogoro

JIBU: Makabwela ndio waliouawa, ingawa mtawa mmoja naye yumo. Mei 2, 1808 watu wa Madrid waliwainukia askari wa Napoleon. Waliokamatwa wakaanza kupigwa risasi. Goya, mchoraji Mhispania, aliichora picha hiyo 1814. Mtazame yule wa shati jeupe: amepiga magoti, mikono juu, na kiganja cha kulia kina alama kama ya msumari. Kandili iliyo chini inammulika yeye. Askari wanaonekana migongo tu. Mnyonge kapewa uso, mwenye bunduki kanyimwa; kwangu mimi, hapo ndipo ilipo nguvu yote ya picha.

Huku kwetu, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro Agosti 1916, mizigo ikibebwa na wapagazi. Walter von Ruckteschell, mchoraji na ofisa wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alichora askari. Kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita hiyo, uliosimamishwa Dar es Salaam 1927, aliyesimama juu ni askari peke yake. Mpagazi mwenye sanamu yake kamili utamkuta Nairobi, Kenyatta Avenue, bega kwa bega na wenye bunduki.